Nyama ya Seremala

Siku ya kliniki, mpimaji alizungusha utepe kwenye mkono wa seremala, juu kidogo ya kiwiko, kisha akaibana ngozi kwa koleo la kupimia mafuta. Mafuta yalikuwepo. Kilichokwisha ni nyama. Ndivyo ulivyo ugonjwa ule.

"Inakwenda wapi?" mke wa seremala aliuliza.

"Inahamia kwa mtu ambaye mgonjwa anampenda kuliko wote," mpimaji alijibu bila kuinua macho. "Mzee aliyetoka sasa hivi, yake yote imekwenda kwa mbuzi wake."

Mke akatabasamu. Seremala hakuweza tena kusimama, kwa hiyo ilikuwa desturi mke apande mizani peke yake kwanza, kisha apande akiwa amembeba, mpimaji atoe hesabu. Safari hii alipanda kwa madaha. Mshale ukasimama palepale pa mwezi uliopita. Akashuka, akapanda tena. Palepale.

Wivu ulimpanda kabla hawajafika nyumbani. Ng'ambo ya barabara, mtalaka wa seremala alikuwa akijaza mkaa kwenye makopo, mikono imemnenepa kama ya mbeba mizigo. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa na kovu la patasi. Mke alilijua kovu lile; amelisugua kwa sabuni miaka yote ya ndoa. Alifunua shati la mumewe. Mahali pale pa kovu palikuwa laini.

"Nirudishie," alimwambia mtalaka.

"Imekuja yenyewe, dada. Mimi sikuiita. Unadhani napenda? Nguo zote zimenibana."

"Alikuacha mwenyewe!"

"Basi kamuulize yeye."

Hakumuuliza. Kuuliza ni kutaka kujibiwa.

Mwezi uliofuata mpimaji, aliposikia habari hizo, alimtaka mtalaka naye aje. Alimpima yeye na seremala, akajumlisha, akaridhika. "Hakuna kilichopotea," alisema. "Sasa huyu mama ndiye awe anambeba kwenye mizani, itakuwa hesabu moja." Mtalaka akambeba seremala kwa mikono iliyokuwa ya seremala mwenyewe, naye akalaza kichwa begani, akafumba macho. Mke alisimama kando ameshika viatu vya mumewe. Alitamani mizani ivunjike.

"Mpe uji mzito," mpimaji alimwagiza mke. "Asipokula, hafiki mwezi ujao."

"Na akila?"

"Utachelewa kumzika. Ila nyama itaendelea kwenda kulekule."

Jioni mke alikoroga uji, akatia karanga, akaupoza kwa kuupuliza. Seremala alikula taratibu. Dirishani, ng'ambo ya barabara, mtalaka alionekana akilegeza mkanda.

"Nimeshiba," seremala alisema.

"Hujashiba," mke alimjibu, akamchotea kijiko kingine.