Kibonde cha Shangazi Dorkas

Wiki iliyopita walikuja kukwangua lami ya zamani hapa Mandewa, na kibonde chetu kikaenda nayo. Kilikuwa kidogo tu, upana wa ungo wa kupepetea uwele, mbele ya geti la jirani yetu, Mama Saada. Mvua ikinyesha kilishika maji na shomoro wakaoga humo. Watu wa baiskeli walikikwepa bila kujua kilitoka wapi. Mimi najua, maana kilitokana na posa yangu.

Enzi hizo biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka ya mjini Singida, ambayo nilipokuwa shule ya msingi yalikuwa na rafu tupu, yalijaa sabuni za rangi rangi, na mitumba ilimwagwa sokoni mpaka unakosa pa kukanyaga. Barabara nazo zikaanza kupewa kampuni za watu binafsi. Kampuni iliyokuja kwetu ilichukua vibarua, na sisi wasichana tukapewa kazi ya maji: tunachota kisimani, tunabeba ndoo kichwani, tunajaza tangi la rola, ile mashine ya kushindilia lami.

Rola yenyewe ilikuwa ya njano, rangi imebabuka, ina magurudumu mawili ya chuma, moja mbele na moja nyuma. Maji yalidondoka juu ya chuma ili lami isinate. Dereva wake alikuwa Philipo, Mgogo wa Manyoni, mtoto wa mfanyakazi wa reli, na kofia yake ya pama hakuivua hata akila. Siku moja nilimuuliza mbona hapumziki.

"Hii ikishamwagwa hainisubiri," alisema, akinionyesha lami inayofuka moshi. "Ikipoa kabla sijaishindilia, maji yataingia ndani, itabomoka. Na nikisimama juu yake ingali ya moto, rola inazama. Ndiyo maana unaniona nakwenda na kurudi kama mwehu."

"Ukitaka kushuka je?"

"Naipeleka kwanza kule ilikopoa. Hapa nikisimama, fomeni ananinyang'anya mashine. Sisimami hata aje mkuu wa mkoa."

Maji yakaleta mazungumzo, mazungumzo yakaleta posa. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la dada yake, Shangazi Dorkas wa Ilongero. Naye hakumtaka kabisa.

"Watu wa barabara!" alimwambia mama. "Lami ikifika mwisho, na yeye kaondoka nayo. Elina atabaki na mimba na vumbi."

Nililia sana. Mama akambembeleza wifi yake mpaka akalegea kidogo. Alisema atakuja mwenyewe, siku atakayo yeye, na salamu ya kwanza ya huyo kijana ndiyo itakuwa jibu. Katika ukoo wetu mposaji hamwamkii shangazi wa binti akiwa amekaa juu. Anashuka, anavua kofia, anainama, anangoja aitikiwe. Nilimweleza Philipo yote hayo, akasema amesikia.

Shangazi alikuja asubuhi, jua limeanza kuchoma, tipa limetoka kumwaga lami. Nilimwona kwa mbali: kanga mbili, kikapu chenye chupa ya mafuta ya alizeti, na viatu ameshika mkononi visichafuke. Akasimama kando, mbele ya geti la Mama Saada. Philipo alikuwa katikati ya lami ya moto. Mimi ndoo iko kichwani, hata kuitua nikashindwa. Nikamwonyesha kwa macho: ndiye huyu.

Philipo akatazama kule ilikopoa. Palikuwa mbali. Akamtazama shangazi, ambaye tayari alikuwa anahamisha kikapu mkono wa pili, kama mtu anayejiandaa kurudi alikotoka.

Rola ikasimama.

Aliruka chini, kofia mkononi, soli zikinata kila hatua, akainama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Shangazi hakuwa na haraka. Alimkagua kuanzia nywele mpaka viatu.

"Marahaba. Wewe ndiye Philipo?"

"Ndiye mimi, mama."

"Wazee huko Manyoni hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mvua? Uwele umesimama?"

"Umesimama, mama," alisema Philipo, na nyuma yake rola inazama polepole.

Fomeni wetu, Mzee Sultani, akaja mbio, kanzu imekusanywa mkononi. "We Philipo! Umesimama juu ya moto!" Akapanda mwenyewe, akaiondoa, akairudisha kwa mshazari, akaikanyaga tena na tena. Kibonde kikapungua lakini hakikuisha. "Kesho unashika reki pamoja na vibarua! Rola simpi mtu wa kusimama kusalimia!"

"Nani huyu anayefokea watu wakiamkiana?" aliuliza shangazi.

"Mama, kijana wako ameharibu barabara!"

"Barabara si mtaitengeneza? Angeniharibia mimi siku yangu, ungenitengeneza wewe?"

Vibarua waliangua kicheko. Hata Mzee Sultani alicheka, lakini reki ilibaki kuwa reki.

Nyumbani, shangazi alikunywa uji, kisha akaniuliza, "Alijua kwamba akisimama atanyang'anywa ile mashine?"

"Alijua, shangazi."

Akaweka kibuyu chini. "Basi mpeni."

Kampuni ilipohama, Philipo hakuhama. Shangazi tulimzika zamani sasa, na kila mvua iliponyesha nilikuwa nachungulia kibonde chake kama kimejaa.

Juzi walimwaga lami mpya. Philipo, mvi tupu siku hizi, alitoa kigoda barazani, nami nikaketi karibu naye. Harufu ile ilinirudisha kisimani, nikaona kama nina ndoo kichwani. Rola yao ni kubwa, inatetemesha mpaka vikombe kabatini. Ilipofika mbele ya geti la Mama Saada, dereva, kijana mdogo, akatuona wazee tumekaa. Akavua kofia. Nikaona mkono wake unashuka kwenye breki.

"Shikamoo bibi! Shikamoo babu!"

Philipo akainuka nusu, midomo wazi. Nikamwahi.

"Marahaba, baba, marahaba!" nilipiga kelele. "Usisimame! Twende, twende!"