Hodi ya Tatu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia ndani ya hadithi ninayoitunga na Nyamizi kwenye simu, katika kundi letu la watu wawili. Mimi huandika Mfalme, yeye mleta uji. Nilimcheka alipochagua nafasi hiyo. Akanijibu kwamba wafalme wawili wakikaa sebule moja, hakuna wa kubisha hodi. Sheria yetu ni moja tu: hakuna kumwandikia mwenzio maneno wala matendo ya mhusika wake.

Ikulu ina vumbi. Kiti cha enzi kinafuma soksi.

"Mfalme yuko wapi?" nakiuliza.

"Si wewe uliyemwacha?" kinasema bila kuinua macho. "Ulihamia hadithi ya majoka."

Ni kweli. Kule nilipewa mbawa na moto, nikamsahau Nyamizi mlangoni. Nachungulia. Mleta uji bado yupo, bakuli mkononi, mguu mmoja hewani, kwa sababu sentensi yake iliishia katikati ya hatua. Ameshabisha mara mbili. Uji umeota nyasi.

"Akibisha ya tatu asiitikiwe, anaondoka," kiti kinanikumbusha. "Ndiyo desturi."

Nakimbilia taji. Taji linaniambia kwa upole kwamba nafasi ya Mfalme imefungwa kwa kutotumika, imebaki ya mlango. Naichukua, maana mlango angalau uko karibu naye. Bawaba zinanichipuka begani. Ikulu inakuwa darasa nililosomea hesabu, kisha inarudi kuwa ikulu, na hakuna anayeshangaa.

Sasa tunatazamana. Sijawahi kuonana na Nyamizi, lakini uchovu ule naujua ni wake. Natamani sana kusema karibu. Mlango haukuandikiwa maneno. Nalia kwa bawaba.

"Kuna mtu?" bakuli linauliza.

"Ni upepo," anasema mleta uji. Ananigonga kwenye paji la uso. "Hodi."

Anangoja. Kisha analiweka bakuli chini taratibu, uji usimwagike, anakwenda zake. Moyo unaniuma hata ndani ya mbao.

Niliamka, nikaenda kunawa uso. Kwenye kioo, katikati ya paji, palikuwa na alama nyekundu ya kifundo cha kidole.

Nikafungua simu. Chini ya ukimya wetu wa miezi palikuwa na neno jipya, "Hodi", na chini yake taarifa kwamba Nyamizi ameondoka kwenye kundi.

Niliandika "Karibu", nikalituma kwenye kundi la mtu mmoja.