Kilomita Mia Saba na Ishirini

Kazini walimwita Rula, maana hakuwahi kutamka "kama saa moja hivi" maishani mwake. Alikuwa mpanga safari za ndege: njia, mafuta, muda. Saa tatu kasorobo asubuhi simu ilimkuta mezani, penseli sikioni. Alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mpokeaji wa dawa katika hospitali ya mji wa pili.

"Shemeji, dawa ya mama inakuja na ndege yako. Fomu ya maabara nimeshajaza: safari saa moja na dakika ishirini na tano."

"Umeupata wapi muda huo?"

"Mtandaoni. Uwanja hadi uwanja, kilomita mia saba na ishirini."

Rula akaiweka penseli chini. Dawa hiyo ya kupigia picha ya uvimbe hupoteza nusu ya nguvu yake kila dakika mia na kumi, na maabara huijaza kwa kufuata muda ulioandikwa kwenye fomu: safari ndefu, dawa zaidi. Ikifika imefifia, picha haisomeki. Zamu nyingine ya mama yake ilikuwa baada ya wiki sita, na uvimbe haungoji zamu.

"Hiyo ni ramani, shemeji. Ndege inazunguka mlima, kilomita thelathini na tano zaidi. Leo kuna upepo wa mbisho, unaipiga usoni njia nzima. Tena itatambaa chini kabla ya kuruka na kupunguza mwendo kabla ya kutua. Andika saa mbili kamili."

"Saa mbili! Mnaileta kwa ndege au kwa punda? Mtandao mzima unasema—"

"Mtandao haujawahi kuondoa ndege uwanjani. Mimi leo nimeshaondoa tatu."

"Na ikiwahi?"

"Mtaisubiri ipungue. Ikichelewa, hakuna wa kuirudishia nguvu."

Shemeji akaguna, akaandika.

Rula alipokata simu alitazama nje, kama alivyofanya kila baada ya hesabu. Kifuko cha kuonyesha upepo kilikuwa kimegeukia upande wa pili. Asubuhi yote ndege ziliruka kutoka ncha ya karibu ya barabara ya kurukia. Sasa zingelazimika kutambaa hadi ya mbali. Dakika saba zaidi. Maabara ingejaza dawa saa tatu kamili, na zilibaki dakika nne. Akapiga.

"Futa. Andika saa mbili na dakika saba."

"Si umesema mbili kamili, tena kwa sauti ya hakimu?"

"Nimekosea. Upepo umegeuka."

"Subiri, nimwite dada yako ashuhudie. Rula kakosea!"

"Utacheka ukishaandika."

Akasikia vidole vikigonga kompyuta, kisha: "Imekwenda. Maabara wamekubali."

Rula alirudi kwenye safari ya tano. Hakuwa na haja ya kuomba wala kuhangaika. Hesabu ilikuwa mahali pake.

Alasiri simu ikalia tena.

"Tangu mlango kufungwa hadi ndege kuegeshwa, saa mbili na dakika sita. Kipimo cha nguvu ya dawa kilikubali. Mama ametoka kwenye mashine, picha safi, daktari anaisoma. Kwa fomu yangu ya kwanza, shemeji, huyu mkwe ningemtazama kwa macho gani?"

"Mama mwenyewe anasemaje?"

"Nilimsimulia yote. Anauliza ile dakika moja uliyozidisha imekwenda wapi."

Rula akaivuta karatasi ya safari.

"Mwambie naitafuta."