Karatasi ya Mahudhurio

Tangu umeme wa jengo la Gloriana ukatwe, Emérite alikuwa akishona kwa kulifuata jua. Asubuhi liliingia chumbani kwake, ghorofa ya nne, kupitia dirisha lililobaki na kioo kimoja na vipande vitatu vya maboksi. Ikifika saa nane mchana chumba kiligeuka pango. Hapo aliibeba cherehani yake ya mkono, akavuka maji ya choo yaliyotambaa sakafuni, mpaka mwisho wa korido penye dirisha jingine. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashona sketi za shule mpaka uzi ukaacha kuonekana. Vidole vyake viwili vilikuwa na makovu ya sindano, ya siku alizojaribu kujiongezea nusu saa ambayo jua halikuwa nayo.

Ni pale koridoni Refilwe alipomkuta, Januari ya 2010, Kombe la Dunia likiwa limebakiza miezi mitano. Refilwe alikuwa msichana wa Soweto, nadhifu, mwenye kadi ya kampuni shingoni. Kampuni hiyo ilikuwa imelinunua Gloriana pamoja na majengo mengine manne ya mtaa ule wa katikati ya Johannesburg, ili pawe na njia ya watembea kwa miguu, mikahawa na nyumba za kisasa. Alisimama kidogo, akamsikia Emérite akimjibu fundi bomba kwa Kizulu, akimkaripia binti yake Inès kwa Kirundi, kisha akibishana na jirani kwa Kiswahili.

"Mama, unajua lugha ngapi?" alimuuliza kwa Kiingereza.

"Zinazonilisha."

Refilwe akacheka. "Tunaandaa mkutano na wakazi. Hatutaki kufanya jambo ambalo watu hawakulielewa. Utatusaidia kutafsiri?"

Emérite aliacha kuzungusha mkono wa cherehani. Miaka kumi na mmoja tangu afike kutoka Bururi, Burundi, watu wenye kadi shingoni walikuwa wamemwamuru asimame, aondoke, arudi kesho, aonyeshe karatasi. Huyu alikuwa wa kwanza kumwomba. Usiku ule hakulala upesi. Siku ya mkutano alipiga blauzi yake nyeupe pasi ya mkaa, akaikagua kola mara mbili.

Mkutano ulifanyika Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa hatua chache kutoka Gloriana. Watu walijaa mpaka mlangoni. Hata Mama Thérèse alikuja, mjane wa Uvira, Kongo, aliyekaa ghorofa ya tano na miguu iliyovimba kama magogo. Alishuka ngazi kwa makalio, daraja moja baada ya jingine, muda wa saa nzima, kwa sababu Emérite alikuwa amepita mlango kwa mlango akisema safari hii wataulizwa wao.

Mbele paliwekwa picha kubwa ya mtaa utakavyokuwa: miti, baiskeli, watu waliovaa miwani ya jua wakinywa kahawa mezani, mbwa mmoja mdogo mweupe. Refilwe alieleza, Emérite akatafsiri. Sauti yake ilitoka vizuri. Maneno magumu aliyavunjavunja ili wazee wayashike.

Mama Thérèse akainua mkono. "Emérite, uliza uyu dada. Mu hii picha, siye tuko wapi?"

Emérite akatafsiri. Refilwe akatabasamu. "Ni mchoro tu, mama. Mchoraji asingeweza kumchora kila mtu."

"Anasema mchoraji asingeweza kumchora kila mtu," Emérite akawaambia, na wachache wakacheka.

"Lakini imbwa alipata nafasi," akasema Mama Thérèse.

Hilo Emérite hakulitafsiri. Aliona litaharibu hewa.

Kisha ubao wa kuandikia ukaanza kupita mikononi mwa watu, karatasi zimebanwa juu yake, ile ya kwanza ikiwa imekunjiwa nyuma. Ulipomfikia Lambert, ukasimama. Lambert alikuwa Mkongo wa Bukavu, mlinzi wa kampuni moja ya ulinzi, mtu wa kusoma hata maandishi ya pakiti ya chumvi.

"Bon. Hii karatasi ni ya nini?"

Emérite akauliza, Refilwe akajibu, Emérite akatafsiri: "Ni ya mahudhurio. Kuonyesha kwamba tulikuja. Na wa jikoni wanataka idadi, kwa ajili ya mikate."

"Na hii imekunjwa nyuma?"

"Lambert, tafadhali. Wametuita kwa heshima. Ukikataa kila kitu watasema wakimbizi ni watu wa fujo."

"Mi sisaini kitu sijasoma." Akaupitisha ubao kwa jirani yake.

Alikuwa peke yake. Wengine tisini na mmoja walisaini. Mama Thérèse hakujua kuandika, kwa hiyo Refilwe alitoa kidau cha wino kwenye mkoba. Mkono wa kikongwe ulitetemeka. Emérite akaushika kifundo, akakikandamiza kidole gumba kwenye karatasi mpaka alama ikatoka safi.

Jioni alirudi nyumbani na mfuko wa mikate iliyobaki, pamoja na cheti chenye nembo ya kampuni: *Kwa shukrani, Balozi wa Jamii*. Alikibandika ukutani juu ya kitanda cha Inès.

Mwezi wa tatu karatasi za mahakama zilibandikwa kwenye mlango mkuu wa Gloriana, na nakala zikasukumwa chini ya kila mlango. Kampuni ilikuwa ikiomba amri ya kuwatoa wakazi. Kurasa za mwisho zilikuwa na majina ya wote waliosaini, kwa miandiko yao wenyewe, na alama ya gumba ya Mama Thérèse, nyeusi, safi. Mbele ya majina hayo palikuwa na ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuuona. Lambert aliusoma kwa sauti pale ngazini, watu wakiwa wamesimama juu yake na chini yake: sisi tulioweka saini hapa chini tumeelezwa mradi katika lugha tunayoielewa, na tunakubali kuhama kwa hiari.

Katika lugha tunayoielewa. Lambert aliyarudia maneno hayo mara mbili. Hakumtazama Emérite. Wengine wote walimtazama.

"Ulikula mikate," akasema mwanamke mmoja wa ghorofa ya pili. "Tulikuona na mfuko."

"Waliniambia ni mahudhurio! Mimi niliwaambia nilichoambiwa."

"Walikulipa ngapi?"

Hakulipwa hata senti. Aliposema hivyo, aliona kwenye nyuso zao kwamba hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Inès, mwenye miaka kumi na miwili, alimngojea chumbani. Alisikia kila kitu. Kiswahili alikielewa, ila kilikuwa hakimtoki mdomoni. "Why did you help them, Mama?" aliuliza. Emérite alikuwa na lugha tano. Alipanda juu ya kitanda akakibandua kile cheti, na rangi ya ukuta ikatoka nacho.

Kesho yake alitembea mpaka Braamfontein, kwenye ofisi za kampuni. Alingoja mapokezi kwa muda wa saa tatu. Refilwe aliposhuka hakumkaribisha juu. Walizungumza wamesimama, kando ya mlango wa kioo uliofunguka na kujifunga wenyewe kila mtu alipopita.

"Ulisema ni mahudhurio."

"Mama Emérite, eish." Refilwe alishusha sauti. "Nilipewa ule ubao na watu wa sheria. Mimi kazi yangu ni kuwakutanisha watu."

"Ulijua kilichokunjwa nyuma?"

Refilwe alimwangalia mlinzi wa mapokezi, kisha viatu vyake. "Wewe mwenyewe unapenda kukaa mle? Maji ya choo yanapita koridoni. Siku moja jengo litawaka moto na watoto ndani. Mtaa utakuwa mzuri."

"Mzuri kwa nani?"

"Kwa kila mtu."

"Basi njoo mahakamani ukaseme ulivyotuambia. Hivyohivyo tu. Mahudhurio na mikate."

"Nina mama ananitegemea, na wadogo zangu watatu," alisema Refilwe. Mlango ukafunguka tena. Alikuwa tayari amegeuka.

Mahakamani wakazi walisimamiwa na wakili kijana wa msaada wa kisheria, aliyelipokea faili lao siku mbili kabla. Wakili wa kampuni alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya kumliwaza mgonjwa. Hakuwatukana. Alisema kampuni ilikwenda mbali kuliko sheria inavyodai: iliandaa mkutano, chakula, na hata mkalimani mahiri kutoka katika jamii yao wenyewe, ili mtu yeyote asije akasema hakuelewa.

Emérite akasimama kwenye benchi la nyuma. "Mkalimani ni mimi," alisema kwa Kiingereza. "Naomba niseme tulichoambiwa."

Hakimu alimtazama juu ya miwani. Wakili kijana akanyanyuka haraka, akaomba asikilizwe. Yule mwenye sauti ya kuliwaza naye akanyanyuka, taratibu.

"Mheshimiwa, mama huyu ana cheti cha ukalimani?"

Hana.

"Amesajiliwa popote?"

Hajasajiliwa.

"Kiingereza ni lugha yake ya ngapi?"

"Ya tano," alisema Emérite.

"Basi, Mheshimiwa, kwa heshima zote, mahakama itajuaje kwamba anachotuambia leo kuwa kilisemwa kwa Kiswahili ndicho kilichosemwa? Sheria inataka mkalimani aliyeapishwa. Hata kwa kumsikiliza yeye mwenyewe."

Hakimu aliuliza kama mkalimani wa Kiswahili aliyesajiliwa yupo jengoni. Karani akatoka, akarudi, akatikisa kichwa.

"Lakini mkutanoni nilitosha!" Sauti ya Emérite iligonga dari. "Mbona nilitosha mkutanoni?"

"Kwa mkutano, ndiyo," wakili alisema, bila hasira. "Pale hakuna aliyelalamika."

Askari wa mahakama akamwonyesha kwa kiganja akae. Alikaa. Kwa ghadhabu aliikalia mikono yake. Alifikiria kupiga kelele kwa Kirundi, lugha ambayo hakuna aliyemo mle angeweza kuidai cheti, lakini Inès alikuwa kando yake na sare za shule, na askari alikuwa bado anamwangalia. Amri ilitoka kabla ya saa sita. Siku thelathini. Wenye vitambulisho vya uraia wangeorodheshwa kwa makazi ya muda. Wasio navyo wangeelekezwa kwenye "asasi husika". Lambert, ambaye hakusaini, hakusalimika. Alihesabiwa kwenye kundi la mwisho lililotajwa katika amri, *wakazi wengine wasiojulikana*.

Waliokuja kuwatoa walikuwa vijana wapatao mia, ovaroli za kijani, wengi wao wamechukuliwa asubuhi ileile kwenye kona wanakongoja vibarua. Hawakuwachukia wakazi. Walifanya kazi haraka kwa sababu walilipwa kwa kutwa. Magodoro yalitupwa madirishani. Cherehani ya Emérite iliteremshwa ngazini kwa kuburutwa, na kila ilipogonga daraja alisikia chuma kikilia, mpaka gurudumu likavunjika likabiringika lenyewe mpaka chini. Mpaka adhuhuri mlango wa Gloriana ulikuwa umejengewa tofali.

Wakazi wengine walikwenda kwa ndugu, Rosettenville, Soweto, popote palipokuwa na sakafu. Kama familia thelathini hivi hazikuwa na pa kwenda. Zilibaki kwenye njia ya waendao kwa miguu mbele ya jengo, chini ya maturubai. Baridi ya Mei ilikuwa imeingia. Majirani walimpa Emérite nafasi ya mwisho, karibu na mfereji, na hakuna aliyemsemesha ila Mama Thérèse, ambaye aliwekwa juu ya kiti cha plastiki katikati ya watu wote na kumwita kila baada ya muda amsugue miguu. Kuhusu kidole gumba hakusema neno. Emérite aliomba kimoyomoyo aseme, amtukane, yaishe.

Siku ya sita, asubuhi, lori likaja na miti.

Ilikuwa miche mirefu, mizizi imefungwa kwenye magunia. Mafundi walikuwa wametangulia kupiga alama za rangi ya chungwa kwenye njia hiyo, kila baada ya hatua nane. Walichimba, wakapanda, wakamwagilia, wakaufunga kila mti kwenye nguzo mbili kwa mikanda ya mpira, ili upepo usiuumize. Wakauzungushia wavu wa chuma. Nyuma ya lori likaja gari dogo la kampuni ya ulinzi, likashusha walinzi wanne na msimamizi wao. Mmoja wa walinzi alikuwa Lambert.

Sare yake ilikuwa safi; alikuwa ameifua juzi kwenye beseni la Emérite, bila kumshukuru. Msimamizi alitoa maagizo kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Miti ile ilikuwa ghali. Watu hawa wa maturubai wangeikata kuni. Mtu asiikaribie, asiiegemee, asitundike nguo.

Alama moja ilikuwa chini ya kiti cha Mama Thérèse.

"Mwambie ahame," msimamizi alimwambia Lambert. "Wewe si unaongea lugha yao?"

Lambert alikuja mpaka mbele ya kiti. Godoro lake mwenyewe lilikuwa hatua tatu kutoka pale, na mke wake juu yake, akinyonyesha. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ngazini, alimtazama Emérite.

"Maman," Lambert alisema. "Banasema hapa ni pa muti."

"Niko nasikia," alisema Mama Thérèse. Hakusogea, miguu haikumruhusu.

Lambert akainama, akakishika kiti kwa pande zote mbili, akamnyanyua pamoja nacho. Mishipa ikamtoka shingoni. Alimbeba polepole, akimwomba radhi kila hatua, akamtua ukingoni, miguu yake iliyovimba ikiwa ndani ya mfereji, mahali palipobaki. Mafundi walikuwa wameshaanza kuchimba kabla hajanyooka mgongo.

Mti uliingia, udongo ukarudishwa, ukapewa maji madumu mawili. Lambert akavuta kofia yake, akaenda kusimama mbele ya wavu, mikono nyuma, uso akiwageuzia mke wake na majirani zake. Msimamizi akaandika saa kwenye daftari, kisha akainua simu yake kupiga picha, akamtaka asogee kulia kidogo, ili mti wote uonekane kwenye picha.