Jembe Lililongoja Filimbi

Mama mwenye mtoto aliyesoma akikwambia analala usingizi mzito, jua mtoto wake hajasoma vya kutosha, au yeye mama hana shamba. Bertilla wa Mpui alikuwa na mtoto aliyesoma na alikuwa na shamba, kwa hiyo usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu, kama wa kuku mwenye vifaranga. Mvua ikichelewa, macho. Mvua ikinyesha, macho. Na mwanawe Zenon aliporudi kutoka Ulaya, alikopelekwa na idara yake kusomea mambo ya ushirika, ndipo usingizi ulipokwisha kabisa, maana mtoto alirudi ametulia.

Haukuwa utulivu wa mtu aliyeshiba. Huo Bertilla aliujua, marehemu mume wake alikuwa nao kila akimaliza ugali. Huu ulikuwa mwingine. Zenon alikuja likizo kutoka ofisini kwake Sumbawanga mjini, akamwamkia mama yake shikamoo, akaketi kwenye kigoda, akafumba macho. Mama akamwuliza kama kichwa kinamwuma. Akajibu hapana, anasikiliza pumzi yake. Bertilla akainama akaisikiliza naye, akaona ni nzima, haina kifua, akarudi kupepeta ulezi. Lakini moyo ulikuwa umeshashtuka.

Miaka ile ya uhaba wa bidhaa nchi nzima ilikuwa inatafuta sabuni. Watoto wa wenzake waliobahatika kwenda nje walirudi na mablanketi, na sufuria, mmoja alimletea mama yake viatu vya mvua ambavyo mpaka leo anavivaa kanisani. Zenon alileta redio kaseti na kanda moja. Kanda moja tu! Juu ya kasha lake kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye kipara, amekunja miguu kando ya ziwa lisilo na wimbi. Bertilla aliishika picha ile akaigeuza huku na huku akitafuta jembe, au chungu, au angalau mtoto wa kumwita baba. Hakuna. Ziwa lenyewe halikuwa na mtumbwi wala mtu anayeanika dagaa. Akajiuliza yule bwana anakula nini.

Zenon akamweleza kwa upole kwamba huo ni muziki wa kutuliza moyo. Wazungu wamechukua ala zao za heshima, filimbi, fidla, kinubi, na fidla nyingine nene inayopigwa huku umeikumbatia kwa magoti, wakazipiga polepole sana ili msikilizaji aingie ndani ya nafsi yake.

"Akishaingia," Bertilla akauliza, "anatoka saa ngapi?"

Zenon akacheka kidogo, kile kicheko cha watu wa semina, akabonyeza kitufe. Filimbi ikaanza. Ikavuta sauti moja, ikaivuta, ikaivuta, mpaka Bertilla akataka kuisaidia. Halafu kukasikika maji, tone, kimya, tone. Bertilla akainuka haraka akachukua sufuria akatazama juu kwenye nyasi za paa, atafute panapovuja. Mwanawe akamwambia akae, maji yamo ndani ya kanda. Akakaa, lakini sufuria hakuiweka chini. Mtu aliyelipa mafundi wamrekodie paa linalovuja, huyo hakuwahi kulala chini ya paa linalovuja.

Sasa, huko Ufipa shamba halitaki utulivu. Wakati mvua bado zipo unalipindua jani, unalifukia chini ya udongo, unafanya ntumba, vile vilima vya mviringo ambavyo mgeni akiviona kwa mbali hudhani ni makaburi ya watu wafupi. Jani linaoza humo ndani, na mwaka unaofuata ndilo linalolisha ulezi. Mvua zikiondoka hujapindua, ardhi inakuwa jiwe, na jani linabaki limesimama linakucheka. Na mvua za mwaka ule zilikuwa zimeshaanza kuaga.

Bertilla alikuwa mjane, na shamba la mjane hulimwa na pombe. Alichukua ulezi wote uliobaki, isipokuwa wa mbegu, akaupika ukawa pombe ya vyungu vikubwa, akaalika watu. Hapo hapakuwa na mara ya pili. Pombe ikishaiva hainywewi kesho, kesho ni siki, na ulezi wa kupika nyingine haukuwapo. Siku moja ya majirani, shamba lote limegeuka ntumba. Au siku moja ya majirani imepotea, na mwakani mama anazunguka na kikapu kuomba.

Na mwaliko una adabu zake. Mwenye kualika hahimizi. Anapokea wageni, anaandaa, anashukuru. Akithubutu kumwambia mgeni "fanya haraka", watu huweka majembe begani wakaondoka, na habari yake hufika Sumbawanga kabla ya lori. Kazi ya kuhimiza ni ya wimbo. Pale Mpui mwimbishaji alikuwa Mzee Eustace, mzee mkavu mwenye sauti kama shoka. Yeye akiita, majembe yote yanapanda. Watu wakiitikia, majembe yote yanashuka. Hakuna anayelima nje ya wimbo. Mtu akiangusha jembe kabla ya wenzake huchekwa mpaka kwenye msiba wake. Mzee Eustace alijua kuanza taratibu, kisha akauchapusha wimbo kidogo kidogo, watu wasijue wanakimbizwa, na jua likielekea kushuka shamba limekwisha.

Asubuhi ya mwaliko Zenon akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, leo Mzee Eustace apumzike. Nitaweka muziki."

"Muziki wa maji?"

"Wale wanaimba kama wanafukuza ngedere. Kazi inaweza kufanywa kwa amani, mama."

"Amani ni nzuri, mwanangu. Ila haijawahi kunilimia."

Angesimamia hapo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini Zenon aliinamisha shingo vile alivyokuwa akifanya utotoni akinyimwa maziwa, na chai yake hakuigusa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Bertilla akaona mtoto atarudi mjini amekonda, watu waseme mama yake ndiye amemkondesha. Akasema haya, weka, ila kidogo tu. Nani amewahi kumpa mtoto aliyesoma kitu kidogo tu?

Watu wakaja na majembe yao. Zenon akaipandisha redio kaseti, aina ile inayogeuza kanda yenyewe, juu ya kichuguu katikati ya shamba, akasafisha koo, akawaita ndugu zangu, akawahutubia habari za mwili na nafsi na mazingira. Waliitikia vizuri, kwa sababu katika miaka ile kila mtu alikuwa ameshazoea kuitikia hotuba asiyoielewa. Mzee Eustace alipoambiwa apumzike hakukasirika. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuombwa apumzike, na mtu akipewa zawadi asiulize imetoka wapi. Akakaa juu ya mpini wa jembe lake.

Filimbi ikaanza. Majembe yakapanda.

Yakabaki juu.

Kila mtu alikuwa anangoja sauti ishuke ili naye ashuke, ndivyo mikono ya watu wale ilivyolelewa. Filimbi haikushuka. Ilikwenda mbele, ikageuka, ikakumbuka kitu, ikarudi kukichukua. Shamba zima lilisimama na majembe hewani kama watu wanaotekwa. Fransiska, jirani wa Bertilla, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kuota kutu, akageuza shingo bila kushusha mikono.

"Mama Zenon, huyu anayepuliza ni mtu au ni upepo? Mwambie avute pumzi, bega langu linakufa ganzi."

Zenon akamjibu kwa mnong'ono kwamba avute yeye pumzi. Akawa anapita kati ya mistari, mikono mgongoni, akiwanong'oneza watu waisikie ardhi. Hatimaye ile fidla nene ikaguna mara moja, na majembe yote yakashuka kwa pamoja, puu. Kisha filimbi tena.

Mwanzoni walicheka. Kisha wakagundua utamu wake. Pombe ni ileile, chungu ni kilekile, na hakuna mtu wa kuwalaumu, kwani mwenye shamba ndiye aliyeleta filimbi. Wakaacha kulalamika. Wakaanza kumsifu Zenon, kwamba kweli elimu ni mwanga, kwamba mtu aliyekwenda Ulaya anaonekana tu. Hata Fransiska akafumba macho. Kila jembe liliposhuka lilishuka kwa heshima, likachukua udongo wa kijiko.

Bertilla pale kwenye vyungu alikuwa anaungua. Ulimi wake ulikuwa umefungwa na mila, akihimiza, wameondoka. Akamtazama Mzee Eustace kwa yale macho ambayo wanawake hutumia kumwambia mtu jambo bila kumwambia. Mzee akayapokea, akayaelewa, akatikisa kichwa.

"Mimi nimepumzishwa, mama," akasema. "Nisipumzike nionekane nadharau wasomi?"

Basi Bertilla akaketi. Aliketi ili afikirie la kufanya, na hapo ndipo penye onyo lenyewe, mama unayesoma, kwa sababu ubaya wa kitu kile haukuwa kwamba ni kibaya. Kinubi kikaingia, nyuzi zikawa zinadondoka moja moja kama ulezi unaopepetwa na mtu asiye na haraka. Maji yakadondoka. Safari hii Bertilla hakutafuta sufuria. Mgongo ukapata chungu cha kuegemea, kikiwa na joto lake. Akatafuta kichwani wasiwasi wa paa asiuone. Akatafuta wa mvua asiuone. Wa dumuzi kwenye kihenge, wa mtoto kukonda, wa watu watasema nini, wote ulikuwa umetoka nje na kufunga mlango taratibu. Tangu azikwe baba Zenon hakuwahi kukaa na kichwa kitupu namna ile. Kilikuwa kitamu, tusidanganyane. Akafumba macho kidogo tu.

Alipofumbua, jua lilikuwa limevuka, limeinama upande wa magharibi. Betri zilikuwa zinakufa. Zenon alizipata kwa mbinde mjini, dukani kwa Muhidin, na hata wakati wa kuuzwa zilikuwa zimeshazeeka. Filimbi ilikuwa imegeuka ng'ombe anayezaa kwa shida. Na kadiri kanda ilivyozidi kuburuta ndivyo majembe yalivyozidi kuburuta, kwa kuwa watu wa Mpui ni watu wa adabu, wimbo ukichoka nao wanachoka. Wengine walikuwa wamelala kati ya ntumba chache zilizofanyika, na kwa mara ya kwanza vile vilima vilifanana na makaburi kwelikweli. Zenon mwenyewe alikuwa chini ya kichuguu, miguu ameikunja, uso umetulia kama wa yule bwana wa kipara. Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa jani tupu.

Kanda ikasema uuu, ikakata. Kimya kile kiliwaamsha wote, nao wakaamka na kiu.

Mila ni mila. Bertilla aliwamiminia. Walikunywa mpaka vyungu vikalala ubavu, wakamshukuru kwa maneno mengi kuliko miaka yote. Fransiska akamwambia kazi ya namna ile awaite hata kesho, wala asipike pombe nyingi, amani inatosha. Mzee Eustace alikunywa sawa na wengine, akashika jembe lake lisilo na tope, akasimama mbele ya Zenon.

"Bwana mdogo, nimeingia ndani ya nafsi yangu kama ulivyosema. Nimemkuta mtu mmoja mvivu sana. Sikujua kama naishi naye."

Kesho yake asubuhi mawingu yalikuwa membamba, yanapita juu bila kusalimia. Zenon alikuta mama yake amesimama ukingoni mwa shamba. Akamwambia asihofu, atulie, yeye akirudi ofisini atafikiria namna, mambo yote yana wakati wake. Neno lile, tulia, lilimpata Bertilla mahali fulani chini ya mbavu. Hakupiga kelele. Alimnyoshea jembe la baba yake.

"Mama, watu wako wapi?"

"Watu walikuja jana."

"Peke yangu nitaweza wapi? Na likizo yangu je?"

"Jana sikusema neno," Bertilla akasema, "kwa sababu wale walikuwa wageni, na mwenye kualika hahimizi mgeni. Wewe hukualikwa. Wewe nilikuzaa. Inua jembe."

Zenon akainua. Akabaki nalo juu, akiangalia kile kichuguu kwa mazoea, kama anayengoja kitu. Hapo mama yake akajaza kifua na kuanza wimbo wa Mzee Eustace, wala hakuuanza taratibu kama mzee. Aliuanzia pale pa kukimbiza. Majirani waliokuwa wanakwenda mtoni wakasimama kusikiliza. Fransiska akatua ndoo, akamwuliza Zenon kama anaisikia ardhi.

Hakuwa na pumzi ya kujibu, wala ya kusikiliza. Na ile likizo yote, kila asubuhi mpaka jani la mwisho lilipofukiwa, Bertilla alikaa ukingoni akiimba, macho ameyatoa, sufuria tupu magotini, maana huwezi kujua.