Winchi Aliyelelewa kwa Ugomvi

Nianze na yai, maana watu wasiofuga winchi hudhani winchi huzaliwa na shingo yake ndefu tayari. Thubutu! Winchi hutagwa. Yai lake ni kubwa kama pipa, lina joto la pasi iliyochomolewa sasa hivi, na hulazwa kwenye mchanga uliolowa oili chafu. Mimi na mume wangu hatukujaaliwa watoto; tulijaaliwa yai. Mama mkwe ndiye aliyetupa siku ya harusi yetu, limetagwa na winchi wake mwenyewe. Akasema, "Lileeni pamoja." Hilo neno la mwisho tulilisikia, ila halikutuingia.

Likaanguliwa, akatoka kitambazi: kitu cha ukubwa wa mbuzi, miguu tele, macho hana, mdomo tu. Kitambazi chakula chake ni chuma. Wa kwetu alikula sufuria, akala springi za kitanda, akala bawaba za mlango wa jirani, na jirani alipokuja kulalamika akamlia na baiskeli aliyojia. Tukamwita Mlafi, na mtaa mzima ukaanza kuniita Mama Mlafi. Lakini nikikaa kumenya viazi alikuwa akija kunilalia miguuni, anatetema taratibu, na mimi nilimpenda mno.

Baadaye akaota magurudumu, ujana ukamwingia. Ukimwambia nenda anasimama, ukimwambia simama huyoo, na honi anapiga bila sababu yoyote. Tukavumilia. Mwishowe akajiegemeza kwenye ukuta wa karakana, akatema nyaya, akajizungushia mwili mzima mpaka akapotea ndani ya kifukofuko chake. Humo ndimo anamogeuka kuwa winchi kamili.

Ndani ya kifukofuko winchi hana macho wala mdomo, ana masikio tu. Anachokisikia humo ndicho atakachokitii maisha yake yote. Mengine yote kwake ni upepo. Ndiyo maana wafugaji wenye akili humchagua mtu mmoja mpole, akakaa naye kila siku na kumwambia: inua, shusha, tulia.

Sisi akili hizo tulikuwa tumeziweka kando, kwa sababu tulikuwa tumechokana. Nilikwishafunga nguo zangu kwenye sanduku la bati, nikaliweka mlangoni, niende kwa kaka yangu. Kilichonibakisha ni Mlafi tu. Mume wangu hakutaka nimchukue, mimi sikutaka kumwacha, basi tukakubaliana kwamba Mlafi mwenyewe ataamua. Yule ambaye Mlafi atamtii ndiye atakayekaa naye.

Asubuhi moja nikamfuma mume wangu karakanani, ameukumbatia ule mzigo wa nyaya, ananong'ona, "Inua, mwanangu. Inua, baba."

"Kumbe!" nikasema. "Unamwibia mtoto masikio?"

Nikavuta kigoda, nikakaa. Tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kumwacha mwenzake peke yake na kifukofuko. Yeye akisema, "Inua," mimi najibu, "Wewe unajua kuinua nini? Hata sahani yako mezani hujawahi kuiinua!" Mimi nikisema, "Shusha," yeye anadakia, "Anza kuishusha hiyo sauti yako, Mama Mlafi." Tukagombana juu ya bomba linaloachwa wazi, juu ya cherehani yangu aliyoiazimisha bila kuniuliza, juu ya dada yake na maneno yake ya harusini. Tulianza na chai, tukamaliza na taa. Kwa hakika sijawahi kukaa na mume wangu muda mrefu hivyo.

Siku Mlafi alipotoka, mtaa wote ulijaa uani. Nyaya zilipasuka moja moja, ikatoka shingo, ikapanda, ikapanda, ikapita paa la karakana, inachuruzika oili. Taa zake mbili zikapepesa. Nikalia bila aibu.

Mkaguzi wa winchi alikuwa amekwishafika, bwana mmoja wa viatu vinavyong'aa, na makopo mawili ya rangi. Winchi anayetii hupakwa kijani mguuni, anaruhusiwa kufanya kazi. Asiyemtii mtu ni hatari kwa watu, anapakwa nyekundu, na siku hiyo hiyo anapelekwa tanuruni kuyeyushwa. Mkaguzi akachora mstari wa chaki juu ukutani, akaonyesha jiwe la majaribio pale chini. "Jiwe lifike kwenye mstari," akasema.

Mume wangu akajitokeza, akakohoa. "Inua!"

Mlafi akaangalia ndege.

Nikamsukuma pembeni. "Inua, mwanangu!"

Mlafi akaendelea na ndege wake. Mkaguzi akainama, akaanza kutikisa kopo la nyekundu. Tulikuwa tumegombania nani aondoke naye. Hata siku moja hatukufikiria kwamba huenda tukamkosa sote.

"Umemharibu mtoto," mume wangu akaninong'oneza.

"Mimi? Nani alikuwa anamnong'oneza kama mwizi wa kuku?"

"Na nani alikuwa anapayuka kama mnada?"

"Ningepayuka ningekuwa na mume anayesikia mara ya kwanza?"

Watu wakaguna. Jiwe lilikuwa limenyanyuka, linaning'inia usawa wa dirisha. Tukanyamaza kwa mshangao, na jiwe likashuka polepole mpaka chini.

"Halikufika kwenye mstari," mkaguzi akasema. "Rudieni."

Sasa mtu akikwambia gombana, unagombanaje? "Wewe," nikaanza, "wewe ni mbaya."

"Na wewe," mume wangu akasema, "ni mbaya zaidi kidogo."

Mlafi akazima taa moja.

"Ebo!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama mkwe kutoka kwenye kiti chake. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mmemlea kwa ugomvi wa kweli, leo mnamletea maigizo? Gombaneni kama mlivyozoea!"

Tukajaribu bomba, hatukufika popote. Tukajaribu cherehani, mume wangu akaniomba radhi, mjinga yule, na jiwe halikutikisika. Mkaguzi akachovya brashi kwenye nyekundu, akaanza kutembea kuelekea mguu wa Mlafi, mguu uleule nilioujua ukiwa mdogo kama wa meza. Uchungu ukanipanda, na ule uchungu, kama kawaida yangu, ukatokea mdomoni.

"Lile sanduku!" nikamkemea mume wangu. "Tangu nilifunge umelipita pale mlangoni kila siku. Unalisogeza kwa mguu upate njia! Hujaniuliza hata mara moja kama kweli nataka kwenda!"

Jiwe likapaa.

"Nikuulize saa ngapi?" Naye safari hii alipiga kelele kweli, mishipa ya shingo imemtoka. "Kila nikifungua mdomo umekwishajibu! Unadhani nililala siku ile ulipolifunga?"

"Ulikoroma!"

"Nilijikoromesha! Usije ukanisikia nalia!"

Jiwe likapita mstari wa chaki, likapita paa, likaenda kusimama mahali ambapo mkaguzi ilimbidi ashike kofia yake ili alitazame.

Mimi nikageuka kulitazama lile sanduku pale mlangoni, ugomvi wote umeniisha. Mume wangu naye alikuwa amemaliza. Jiwe likashuka katika ule ukimya, taratibu, mpaka likagusa ardhi bila hata vumbi.

Mkaguzi akafunika kopo la nyekundu, akampaka Mlafi kijani. "Amefaulu," akasema. "Ila nina wasiwasi mmoja. Hawa wawili wakipatana, atafanyaje kazi?"

"Baba," mama mkwe akamjibu, "hilo lisikunyime usingizi."

Basi winchi akishatoka kwenye kifukofuko njaa yake haina mfano, na hula chuma cha kwanza anachokiona. Mlafi akashusha shingo mpaka mlangoni, akaliokota sanduku langu la bati, akalimenya kama chungwa, akalitafuna. Nguo zangu zote zikamwagika uani, za ndani na za nje, mbele ya mtaa mzima. Nilitamani ardhi inimeze.

Mume wangu akapiga magoti, akaanza kuziokota moja moja, akizipangusa mchanga na kuzikunja juu ya paja lake. Halafu akaniangalia.

"Mama Mlafi," akasema, "unataka kweli kwenda?"

Nikamwangalia alivyolikunja gauni langu la harusi, mikono ndani, shingo nje, kama anafunga maandazi.

"Hata kukunja hujui," nikamwambia, na machozi yananitoka. "Nikiondoka nani atakufundisha?"

"Nani alikwambia nataka kufundishwa?" akasema, naye anajifuta pua kwa kola ya gauni langu.

Nyuma yetu Mlafi akaliinua jiwe.