Pochi Niliyoitundika Mlangoni

Mimi ni fundi cherehani, na kujisifu hakunipi shida. Wateja wangu wa mbali hunilipa kwa sarafu za mtandaoni, basi nikaitarizi anwani yangu ya malipo, ule mraba wa vidoti unaoskaniwa na simu, kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe. Nikautundika mlangoni. Simu zikawa zinausoma bila kukwama. Nani kama mimi?

Binti wa kaka yangu, fundi simu, alipoingia akashika kiuno. "Shangazi, kazi nzuri. Lakini umejianika."

"Nimejianika vipi? Atakayeiona si anilipe tu?"

Akaskani, akanionyesha. Kila kilichoingia na kilichobaki kimo kwenye kioo cha simu, na yeyote mwenye anwani ile anaweza kuchungulia. Juzi tu mwenye nyumba alikuwa amelipia hapo, nilipompunguzia suruali. Na ndiye niliyekuwa nikimbembeleza aniuzie chumba hiki. Tulikubaliana bei kwa mdomo tu. Akijua nilichonacho ataipandisha, na mimi nirudi kushonea sebuleni kwa shemeji, nikielekezwa pa kuweka hata mkasi.

"Si ungeuliza, shangazi? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

Nikampa simu yangu. Akahamishia sarafu zote kwenye pochi nyingine ya mtandaoni. Sasa kila mteja nampa anwani mpya, yake peke yake, kwa ujumbe wa faragha. Kabla hajatuma tunapigiana simu, tunasomeana herufi za mwanzo na za mwisho, maana kuna virusi hubadilisha anwani ukiinakili. Kazi imeongezeka, nanung'unika, lakini nafanya.

Wiki iliyofuata mwenye nyumba akaja, uso wa msibani. Nikajua bei imepanda. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akashusha pumzi.

"Fundi, kuchungulia ya watu si vizuri, lakini nimechungulia. Mwanzoni niliona unazo, nikapanga kuongeza bei. Jana naangalia tena, kumbe huna hata kitu."

Nikavuta suruali ya mteja, nikajifanya napima pindo.

"Nimeona aibu. Chukua chumba kwa bei ileile. Ukishindwa, lipa kidogo kidogo."

Furaha ilinijaa hadi machozi yakanitoka, nikajifunika uso na suruali ya mtu. Akadhani ni uchungu, akanipigapiga begani.

"Jikaze, mama," akasema. "Hata mimi nilianza sina kitu."